Wimbo wa Kupanda Gasenyi

Bujumbura, Buyenzi

Mudogo wangu Karimu,

Asalaam alaikum. Mi kaka yako nimefikisha miaka sabini na tatu. Nimezika wake wawili, nimeona vita ikija na ikienda, na gari zote za Pejo nilizotengeneza kwenye gareji pale mtaa wa Asiatique zimekufa, mi niko. Nakusalimia wewe, shemeji na watoto wote wa huko Uvira. Kifua chako kimepona? Kunywa tangawizi, apana kusikiliza wauza vidonge. Herufi zikipinda utanivumilia, mukono huu ulizoea spana.

Nasikia binti yangu Saliha alikupigia simu akuombe unitulize. Basi sikia na upande wangu.

Unajua klabu yetu ya mbio ni mi niliianzisha. Kila Jumapili asubuhi natangulia, naanzisha wimbo, watu wanajibu nyuma yangu, tunapanda mulima mpaka Gasenyi. Kuna vijana mule wenye mapaja kama ya ng'ombe, na hakuna hata mumoja aliyewahi kunipita. Nilikuwa nawaonea huruma.

Mwaka huu Saliha akatuletea kocha, Bonfils, kijana wa shule, filimbi shingoni. Akasema mazoezi yana mpango. Siku moja ni ya nguvu: kugeuza tairi za lori, kubeba mifuko ya mchanga, kuchuchumaa na kuinuka. Siku nyingine ni mbio za polepole, za kuzoesha moyo. Halafu iko siku ya kulala tu. Nikamuuliza kama kulala nako ni mazoezi. Akasema, Muzee, mwili haupati nguvu ukibeba, unapata ukipumzika. Nikamwambia basi mabingwa wote wako makaburini. Watu walicheka mpaka Léocadie, yule wa klabu anayeuza avoka sokoni, akakaa chini. Nikamwambia tena, mi nilinyanyua giaboksi ya lori peke yangu, kesho yake nikanyanyua ingine, na sikupigiwa filimbi.

Ila alisema neno moja likanibaki: wimbo ndio kipimo. Ukikimbia na bado unaimba, moyo uko salama. Wimbo ukikatika, punguza.

Mi sikupunguza. Siku yao ya kulala nilienda peke yangu nyuma ya gareji kugeuza tairi. Magoti yakaanza kuuma, usingizi ukakimbia, moyo ukawa unagonga hata sijashuka kitandani. Nikasema huu ni uvivu unatafuta mulango. Nikachukua tairi kubwa zaidi.

Jumapili iliyopita, katikati ya mulima, nikaanzisha wimbo, wakajibu. Nikafungua kinywa kwa mustari wa pili, hewa haikuja. Nyuma yangu kimya, nasikia miguu tu, pu, pu, pu, wananingoja. Hapo mama mumoja mugeni, Adélaïde, mukubwa wa mwili, aliyejiunga juzi tu, akanipita. Akanipita akiimba! Mustari wangu ule ule.

Saliha akapiga kelele nyuma: We Adélaïde, rudi! Si tulikuambia hapa Muzee hapitwi?

Ndugu yangu, ndipo nilijua. Miaka hii yote hawakushindwa. Walikuwa wanaizuia miguu yao kwa ajili yangu, kama mutu anavyojiangusha akicheza mieleka na mutoto.

Nilijifanya sikusikia. Nikasema leo ndiyo siku yangu ya kupumzika, si kocha alisema? Nikakaa kwenye jiwe. Wakanipita macho chini. Walipozunguka kona, wimbo ukalipuka, na mwendo ule, Karimu, sijawahi kuuongoza hata siku moja. Vumbi lao lilitua kabla pumzi yangu haijarudi. Nililia. Hilo ulijue wewe tu, na Saliha asijue kama nilisikia.

Usinitulize, nimeshatulizwa. Tairi nimezirudisha. Sasa nalala siku ya kulala, natembea polepole kama bibi harusi, namutii yule wa filimbi, na ninachukia kila saa yake. Nataka Jumapili moja tu nimalize ule mustari wa pili kwa pumzi yangu mwenyewe. Halafu wanipite, wakiweza.

Salimia jirani zako wote. Shemeji mwambie samaki zake nimezikumbuka.

Ni mi kaka yako, Mohamadi fundi.

Akitokea mutu huko Uvira anabisha kwamba nilitangulia klabu miaka yote hiyo, amuulize Léocadie, amuulize Saliha mwenyewe. Wote walikuwa nyuma yangu. Adélaïde asimuulize.