Wageni Waliokuja Kutuona Kinoo

Jumatano

Bado siamini wamekubali. Gesi na unga vimepanda bei hadi Wafula, mume wangu mpenzi, akataka kufunga kibanda chetu cha mandazi. Mkopo wa serikali usio na riba hupewa vikundi vya akina mama, na kikundi hakimpokei mwanachama mpya kabla ya kumtembelea nyumbani kwake.

Leo akina mama wa kikundi nilichoomba kujiunga nacho walikuja. Nilikuwa nimeazima viti kwa jirani. Mwenyekiti, Mama Njeri, akacheka.

"Bibi arusi, rudisha viti vya watu. Sisi tunaangalia kama mnasikizana."

Wafula akawamiminia chai. Kikombe changu akakipuliza kwanza, kama kawaida yake.

"Huyu tumemchukua," Mama Njeri akawaambia wenzake, akinionyesha mimi.

Nikishindwa kulipa, watalipa wao. Na jina langu wamelijua leo tu.