Mikono ya Fundi wa Rukia

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefumua mikono ya gauni la Rukia kwa mara ya tatu. Kwanza ilikuwa mirefu mno. Halafu mifupi mno. Leo anataka lesi tupu, bila bitana. Satini imeanza kuchoka, matundu ya sindano yanaonekana. Nikimwambia anasema, "Mama Neema, naolewa mara moja tu."

Magauni matatu. La kuingilia ukumbini, la kukatia keki, la kuondokea. La mwisho rangi ya damu ya mzee. Angeweza kwenda kwa mafundi wa Morogoro mjini, amenipa mimi yote. Namshukuru na ananichosha.

Mzee Salum, tunayegawana naye baraza hapa sokoni Kilosa, anasema binti huyu angepewa ukuu wa wilaya barabara zote zingeisha kwa mwezi mmoja.

Alhamisi, 7 Agosti

Habari mbaya. Rukia kaja mbio, anacheka. Kuna kipindi cha televisheni kinaitwa "Harusi kwa Masharti". Kinafuata mabibi harusi wenye makuu, wanaonyeshwa wakigombana na wapishi, wapambaji, mawifi. Watu wanaangalia ili wacheke. Wamemchagua yeye. Harusi ni tarehe 30, Mikumi, kwenye hoteli anayofanyia kazi mapokezi. Anataka picha zenye tembo nyuma yake.

Wiki ijayo wanakuja na kamera. Wanataka wamwone akigombana na fundi.

Fundi ni mimi.

Nimemwambia sitaki. Anadhani naona haya.

Ijumaa, 8 Agosti

Sindano imenichoma mara mbili. Akili haipo.

Niandike wazi, daftari hili halisomwi na mtu. Miaka minane iliyopita nilimtoroka mume wangu, Masanja, kule kanda ya ziwa. Neema alikuwa na miaka minne, nilimbeba mgongoni. Masanja alikuwa ameshaniambia: ukiondoka na mtoto nitakufuata, hata iwe kaburini. Simfahamu mtu mwingine anayetimiza ahadi zake kama yeye.

Kule naitwa Kabula. Hapa ni Ester, au Mama Neema. Neema nilimwambia baba yake alifariki. Mzee Salum hajui. Hakuna anayejua.

Jumanne, 12 Agosti

Wamekuja kwa treni ya umeme kutoka Dar. Watu watatu. Anayewaongoza ni dada mmoja, Lilian, mpole, ananiamkia shikamoo kabla ya kuniomba kitu. Nimemwambia uso wangu hapana. Hakubishana. Tumekubaliana wachukue mikono tu, na sauti yangu waiondoe.

Rukia amenifokea kuhusu mikono ya gauni. Lilian akasema, "Rudia, dada, kwa hasira zaidi." Akarudia. Mara ya nne alikuwa amesahau anachokigombea, akaniangalia akaanza kucheka.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Mikono tu. Nimepika wali, Neema kauliza leo ni sikukuu gani.

Jumanne, 19 Agosti

Tangazo la kipindi limetoka. Soko zima wanalo kwenye simu. Mzee Salum kaniita nije nione mikono yangu ilivyo maarufu.

Nimeiona. Mikono inapitisha satini chini ya sindano, karibu kabisa, imejaa kioo chote. Kidole kidogo cha kushoto kimepinda kwenda nje, kama tawi lililovunjwa likaachwa.

Alikivunja Masanja, kwa mchi.

Nilificha uso nikasahau mkono. Miaka minane nakitazama kila siku, ndiyo maana sikioni tena.

Jumatano, 20 Agosti

Rukia kaja kunionyesha maoni ya watu. Maelfu, anasema. Wengi wanamtukana, anafurahia. Akashuka na kidole chake kwenye kioo, akauliza, "Kabula ndiye nani?"

Mtu asiye na picha ameandika: "Kabula, kidole hicho nakijua. Nakuja."

Nimesema simjui. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Nimekaa, nimeendelea kushona mstari mmoja hadi ukapinda.

Naogopa. Sina neno jingine.

Tangazo limetaja Kilosa, limetaja Mikumi, limetaja tarehe. Zamani kutoka kule hadi hapa ilikuwa safari ya kuchosha, mtu angeweza kughairi njiani. Sasa anapanda basi hadi Dodoma, anapanda treni, anashuka hapa hata shati halijakunjamana.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemtuma Neema kijijini Msowero, kwa mke wa Mzee Salum, ambaye yuko shamba. Nimesema aende akasaidie kupukuchua mahindi. Kauliza kwa nini aache shule. Nimemjibu kwa ukali, jambo nisilolifanya. Alinitazama muda mrefu kabla ya kupanda bodaboda.

Begi nimelifunga. Nguo, cheti cha Neema cha kuzaliwa, mkasi mzuri. Sijui naenda wapi.

Sijaenda sokoni. Mlango nimeufunga kwa ndani mchana kutwa. Jirani akigonga nakaa kimya kama mwizi.

Jumatatu, 25 Agosti

Mzee Salum kaja nyumbani. Hakuketi. Aliniambia jana alipita mtu barazani. Mrefu, mstaarabu, salamu zote kamili. Alikuwa anamtafuta fundi mwenye kidole kilichopinda, alisema ni dada yake waliyepotezana naye.

"Nimemwambia fundi huyo amehamia Ifakara," Mzee Salum akasema. "Sikumpenda macho. Nimekosea?"

Nimemwambia hajakosea. Hakuuliza zaidi. Ameniachia sukari na sabuni mlangoni.

Masanja amesimama mbele ya cherehani yangu. Pengine ameigusa.

Jioni, kabla jua halijazama, amekuja Rukia. Amegonga hadi bawaba zikalia. Gauni la tatu halijakamilika, zimebaki siku tano, simu sipokei. Aliingia anafoka, safari hii bila kamera. Akaliona begi. Akasema kumbe nilitaka kumkimbia na kitambaa chake.

Nikamwambia. Yote. Mchi, mtoto mgongoni, jina langu. Sikuwahi kuyasema kwa sauti. Yalichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani.

Rukia alikaa sakafuni. Kisha akasema, "Ulisema hutaki kamera. Nikakulazimisha mimi."

Sikumpinga. Ni kweli.

Akampigia Lilian palepale. Sikumbuki maneno yote. Nakumbuka, "Likiwepo hadi kesho asubuhi, hamna bibi harusi." Tangazo limeondolewa. Lakini watu walishalisambaza, liko kwenye simu za mji mzima.

Aliponiona naliangalia begi akasema, "Ukikimbia unakuwa peke yako, Mama Neema. Njoo Mikumi. Nitakuwa na watu mia tatu."

Jumanne, 26 Agosti

Polisi, dawati la jinsia. Nilidhani watacheka, kidole cha miaka minane. Afande mwanamke aliandika kurasa tatu. Akaomba picha ya Masanja. Sina hata moja, nilizichoma. Nimemweleza: mrefu, kovu dogo chini ya kidevu. Anasema wanaume wa namna hiyo ni wengi.

Ameahidi kuongea na wenzake wa Mikumi.

Tumeondoka mchana kwa gari la mjomba wake Rukia. Vumbi. Cherehani nimeipakata kama mtoto. Kila gari lililokuwa nyuma yetu nililihesabu kuwa lake.

Ijumaa, 29 Agosti

Gauni la tatu limekamilika ila kiuno. Rukia amepungua. Hali chakula, kisa hasira na mpambaji. Anataka vitambaa vya mezani vibadilishwe vyote kwa sababu weupe wake "umelala". Lilian na wenzake wanamfuata wanafurahi.

Kuna mgeni mmoja kapewa sare ya shangazi zake Rukia, kijani. Ni afande mwanamke wa Mikumi. Ananipitia mara kwa mara anauliza, "Bado?" Namjibu bado.

Neema nimeongea naye kwa simu. Alijibu ndiyo na hapana tu.

Jumapili, 31 Agosti

Nitaandika ya jana, ya harusi.

Ndoa ilifungwa asubuhi msikitini. Watu walirudi hotelini, chakula kikaanza saa saba. Mimi nilikuwa chumba cha kubadilishia, nampunguzia Rukia kiuno cha gauni la tatu. Pini zilikuwa mdomoni. Dirisha linatazama bustanini walikokaa wageni.

Masanja alikuwa amekaa meza ya nne. Anakula pilau. Shati la bluu, limepigwa pasi, na zawadi iliyofungwa kwa karatasi inayong'aa iko mbele yake. Alikuwa anazungumza na bibi mmoja, anamsogezea maji. Amezeeka. Hilo sikulitegemea. Katika hofu yangu alikuwa hazeeki.

Sikupiga kelele. Nilizitoa pini mdomoni moja moja nikazishika kiganjani.

Rukia alihisi mikono yangu imesimama. Akageuka. "Yupi?"

"Shati la bluu."

Nilitaka aseme tumwite afande. Alitoka vilevile, upande mmoja wa kiuno umebanwa na pini, zipu haijafika juu. Kamera ikamfuata, walidhani ni ugomvi wa vitambaa. Alienda moja kwa moja meza ya nne.

"Baba, shikamoo. Nani amekualika?"

Masanja aliitikia marahaba, akafuta mdomo. Akasema kwa upole kabisa kwamba amekuja kumchukua mke wake na mtoto wake, na kwamba hataki kuharibu sherehe ya mtu.

Bibi aliyesogezewa maji akasema, "Kama ni mke wake, basi." Nilimsikia. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nilifikaje sijui.

Aliponiona alisimama. Alikuja akanishika mkono wa kushoto. Hakuvuta. Alikishika kile kidole tu, akakizungusha kidogo. Akasema kwa Kisukuma, chinichini, turudi nyumbani.

Hofu ile sijui kuieleza. Mwili mzima ulitaka kutii. Ulikuwa tayari unajua njia.

Nilimjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Siendi, Masanja. Kidole hiki ulikivunja wewe. Siendi."

Akakibana. Nikalia. Hapo wajomba zake Rukia wakainuka wote kwa pamoja, na yule shangazi wa kijani akatoa kitambulisho. Masanja hakupigana. Aliuliza tu, wakati wanamtoa, "Neema amefika urefu gani?"

Nikamalizia kiuno. Rukia alisimama, machozi yanamharibia poda. Pini moja ilikuwa imemchoma ubavuni muda wote, hakuwa amesema.

Baadaye Lilian akaja. Wamerekodi kila kitu. Alisema ikionyeshwa itawasaidia wanawake wengi. Huenda ni kweli. Nikasema hapana. Akamtazama Rukia. Rukia akasema, "Ameshasema."

Jumatatu, 1 Septemba

Msowero. Neema nilimkuta kwenye gunia la mahindi, mikono myeupe kwa vumbi. Nilimwambia tukiwa wawili tu, nyuma ya nyumba. Baba yako yu hai. Nilikudanganya. Nilimkimbia. Amekamatwa Mikumi juzi.

Alisema gunia halijajaa, akarudi kulijaza.

Niliogopa kule hotelini. Hapa niliogopa zaidi.

Jumanne, 9 Septemba

Masanja yuko rumande. Afande anasema nitaitwa mahakamani kutoa ushahidi. Nimesema nitaenda.

Neema anaenda shule, anarudi, anaosha vyombo. Ananiita mama kama kawaida. Zaidi ya hapo hamna.

Jumamosi, 20 Septemba

Kipindi kimeonyeshwa. Tumekitazama kwa Mzee Salum. Mimi simo. Hata mikono haimo. Meza ya nne haimo. Lilian alitimiza.

Rukia yumo saa nzima. Anafokea vitambaa, keki, mpiga muziki. Kuna mahali anatoka chumbani kama mshale, zipu haijafungwa, muziki wa vichekesho unapigwa, halafu wanakata, anaonekana anagombana na mpambaji. Soko zima watamcheka. Mawifi zake nasikia wamekwisha kusema huyu hatufai.

Nimempigia. Nimemwambia inaniuma, watu hawatajua. Akasema yeye anajua, mume wake anajua, wengine waendelee kucheka. Kisha akauliza kama naweza kumpunguzia sketi mbili za kazini.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeshona pindo za sare tatu. Kimya nje, watu wamekwenda shamba kuandaa.

Mchana Neema alikuja akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani. Alikuwa anaokota vipande vya uzi sakafuni, anavikunja. Akauliza bila kuniangalia, "Alikuwa anakupiga mimi nikiwepo?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda. Nilikuwa nakuweka huko."

Akafikiri. "Nakumbuka viatu," akasema. "Nilidhani ni ndoto."

Nikaacha kukanyaga. Akasogeza kigoda, akaniegemea begani, mzito, si mtoto tena. Tulikaa hivyo. Baadaye akaniomba nimfundishe kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Nimemfundisha. Ameweza mara ya pili.