Dakika Tisa na Sekunde Tano Zilizofutwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mtunza kanda wa redio, maarufu kwa jina la Mwalimu
Umri: miaka 71
Makazi: chumba cha kupanga nyuma ya soko la mitumba; mgeni mwenye kibali, mwaka wa thelathini na moja sasa

Nayasema haya kwa hiari yangu, mbele ya koplo wa zamu.

Mnamo Jumanne, tarehe 14 mwezi huu, saa tatu asubuhi, nilitoa kabatini kanda mama ya albamu ya mpiga gitaa tunayemwita Nyuzi. Nilimpa fundi mitambo aihamishie kwenye kompyuta, kwa kuwa albamu ilikuwa itolewe upya. Ina nyimbo nane. Mwishoni mwa kanda zilikuwepo mbili za nyongeza, zilizoimbwa na marehemu mke wa Nyuzi. Sauti yake haikuhifadhiwa mahali pengine popote.

Lebo niliiandika mwenyewe zamani: dakika 38 na sekunde 20. Huo ni muda wa nyimbo nane. Kwa desturi ya maktaba yetu nyongeza hazijumlishwi. Huandikwa kwa penseli nyuma ya boksi. Niliandika, "Nyongeza mbili, 9:05." Sikumwambia fundi ageuze boksi. Yeye ni mgeni kazini, nami nilidhani anajua.

Saa sita mchana alinirudishia kanda ikiwa imefutwa. Agizo la ofisi ni kwamba kanda ikishahamishwa itumike tena. Akanitania, "Mwalimu, wazee wako wamehamia kwenye kompyuta, wala hawakuulizwa kibali." Nilicheka.

Saa nane Nyuzi alifika kusikiliza. Wimbo wa nane ulipokwisha alibaki ameinamisha kichwa, anasubiri.

"Fundi, mbona kimya? Shemeji yako bado hajaimba."

"Nimefuata lebo, mzee wangu. Thelathini na nane na ishirini. Kilichobaki nikajua ni mabaki tu."

"Mke wangu ndiye mabaki?"

Fundi aligeuza boksi, akasoma, akaniangalia mimi. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hapo ndipo Nyuzi alipomtupia hedifoni, zikamchana juu ya jicho. Hakumpiga tena. Alikaa chini.

Afande ameniuliza kama nyimbo za nyongeza huhesabiwa katika muda wa albamu. Kwa kazi yetu, hapana. Fundi alisoma lebo sawasawa. Lakini kanda ilikuwa na dakika 47 na sekunde 25. Nilizipima mwenyewe, na Nyuzi hajadai zaidi ya hizo. Nimeulizwa basi kosa ni la nani. Sijui niandikishe nini.

Tulipokuwa tunasubiri gari la polisi, Nyuzi alinishika mkono.

"Kaka, wewe ulizisikia. Gitaa langu nalikumbuka. Yeye aliingiaje, kwenye wimbo ule wa pili?"

Nilifumba macho nikatafuta. Nilikumbuka kuwa wa kwanza ni dakika nne na sekunde kumi na moja, na wa pili dakika nne na hamsini na nne. Sauti sikuipata. Nilimwambia hivyo.

Nimesomewa niliyoyasema, na ni yangu yote.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Yameandikwa saa kumi na nusu jioni. Shahidi ameomba kukaa na mshukiwa mahabusu hadi asubuhi. Nimemuuliza undugu wao. Amesema hawana. Ombi limekataliwa.