Nilimunyang'anya Papa Directeur fagio

Maman Sidonie mupendwa, naomba unisaidie, mimi ni Kabeya, mutoto wa Lubumbashi, nililelewa Evere, huko kwenu Ulaya, na sasa mwaka wa pili niko Japani, muji mudogo katikati ya milima, nasaidia kufundisha Kiingereza kwenye shule ya batoto, na hapa, Maman, hakuna muntu wa kulipwa afanye usafi, kila siku kiisha chakula cha saa sita batoto banatwaa mafagio, balimu pamoja nabo, na Papa Directeur mwenyewe, mukubwa wa shule, muzee wa miaka makumi sita, anapiga magoti anapangusa corridor, alors mimi nisimame tu namuangalia? Unajua namna mama zetu balitufundisha, donc nilimunyang'anya kitambaa, nikamwambia «papa, wacha, pumuzika», akacheka, akainama, kesho yake nikamunyang'anya fagio, wiki mbili nzima hivyo, najiona mwenye adabu, kumbe sasa saa ya usafi anajifungia kwa bureau, ofisi yake, na mwenzangu Madame Hayashi ameniuliza polepole kama mimi naona directeur amezeeka, juu mwezi wa tatu anaenda pension na ile neno inamuuma, na directeur njo yeye atasema kama nitabakia mwaka mwingine, na hii kazi naipenda kabisa, nifanye nini?

Kabeya mwanangu, nimecheka mpaka kahawa ikamwangika, pardon. Moyo wako ni muzuri, kichwa njo kimechelewa. Nani alikuambia ule papa amechoka? Ulimuuliza? Haukumuuliza. Mwaka jana hapa Saint-Gilles, kijana mumoja alininyang'anya mufuko yangu ya sombe, majani ya muhogo, akanibebea mpaka mulangoni. Adabu tupu. Nikaingia nyumbani nikajiangalia kwa kioo, natafuta ule koko, ule bibi muzee, alimuona. Papa Directeur yako yuko mbele ya kioo sasa, na wewe njo ulimupeleka.

Bon. Usimuandikie barua, usimupelekee zawadi. Jumatatu, saa ya usafi, twaa mafagio mbili, piga hodi kwa bureau yake. Moja umupe kwa mikono mbili, sawa vile tunamupatia mukubwa kitu. Mwambie kona ya ngazi imekushinda, aje akuonyeshe. Kiisha funga kinywa, ufagie. Akipiga magoti, na wewe piga magoti. Mambo ya kontrakti usiiguse hata kidogo.

Na siku atakuambia kona yako ingali na mavumbi, ujue amekusamehe. Fagia tena.