Tembe Nilizomtumia Naipanoi

Jumanne, 9 Julai 2024
Naipanoi amepiga simu kutoka Kajiado. Homa siku ya pili, kikohozi, mwili wote unauma. Ameuliza aende hospitali ama asubiri. Nimeuza dawa hapa chemist Kitengela miaka sita — mdogo wangu ananiamini kuliko daktari. Nimemwambia ni virusi tu, ameze vitamin C, nyingi, alale. Nimetuma mikebe miwili na gari ya saa tisa.

Alhamisi, 11 Julai
Anasema yuko afadhali. Lakini anapumzika katikati ya maneno. Nilisikia hiyo. Na bado nikamwambia aongeze tembe.

Jumamosi, 13 Julai
Ledama, bwana yake, amempeleka hospitali asubuhi. Hakuweza kutembea. Nimeomba ruhusa kazini nikaenda. Oksijeni. Midomo rangi ya majivu. Akanishika kidole, akauliza kama nimekula.

Daktari Wanyonyi aliniita kando. Influenza imeshuka mapafuni. Nikamwambia nilichofanya. Hakunikaripia. Alisema ukimeza vitamin C kila siku kabla hujaugua, mafua yanaweza kuisha mapema kidogo. Ukianza kama tayari unaumwa, utafiti hauonyeshi la maana. Dawa yenyewe ya influenza inafanya kazi vizuri siku mbili za kwanza.

"Tembe hazikumdhuru," akasema. "Ni hizo siku alizongoja."

Jumapili, 14 Julai
Saa nne asubuhi. Hatuko naye tena.

Jumanne, 16 Julai
Nimesoma kwa simu kila utafiti ninaoweza kuelewa. Natafuta hata mmoja wa kunitetea. Kuna wagonjwa mahututi waliopewa vitamin C kwa mshipa — ripoti moja inasema walipata nafuu, nyingine inakataa. Hakuna inayosema mtu abaki nyumbani. Hiyo nilisema mimi.

Jumamosi, 20 Julai
Tumemzika. Ledama alisimama mbele ya watu wote akanishukuru. "Shemeji Rachel ndiye alituma dawa. Sisi wengine tulikuwa tunaangalia tu." Watu wakasema amina. Yeyo, mama yetu, akanifinya mkono. 

Niko chumbani kwa Naipanoi, nakunja nguo zake. Ledama amebisha. Watoto wamekataa kula mpaka nije. Nimemwambia aingie kwanza, afunge mlango. Ameketi kitandani juu ya leso zake. Ananiuliza naandika nini. Nitampa daftari asome.