Kahawa Zako, Mama, na Kidonge Changu

Keko, Temeke
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na yale magoti yamekupa nafasi ya kufika shambani bila kulalamika. Huku sie hatujambo, hatujambo ya kuvuta. Mkweo Adelard anakuamkia sana, na wajukuu zako wanakula kuliko wanavyosoma. Nimemkabidhi Ansbert barua hii mkononi kwa kuwa anakuja huko kwenye harusi ya mdogo wake. Simu nimeiogopa. Wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa, na kabla sijamaliza kusema, jirani ameshanipa pole. Haya ninayoandika naomba uyasome peke yako, umevaa miwani yako.

Mama, sijasahau ulivyosema mwaka jana nilipokuwa nakwenda kukatwa goita. Ulisema lako litasubiri, kwanza utatazama mwanao anaamkaje, ndipo utampa jibu yule daktari wa Bukoba. Tangu siku ile nimekuwa naugua kwa niaba ya watu wawili. Ukipiga simu huulizi shingo yangu, unauliza shingo zetu. Na Pasaka nilikujibu neno moja ambalo mpaka leo linaniwasha moyoni. Nitalifikia, nivumilie.

Kukatwa kwenyewe hakukuwa na tabu kubwa. Kovu limekaa chini, mkufu wa rozari unalifunika. Sauti ilikwaruza wiki kadhaa, ikarudi. Walinieleza kwamba kwa kuwa tezi yote imetolewa, kazi yake itafanywa na kidonge, kila siku ya Mungu, maisha yangu yote. Nikimeze nikiamka tu, kwa maji matupu, kisha nisile kitu wala kunywa chai mpaka saa nzima ipite. Nikaona ni kitu kidogo. Mtu uliyemlea wewe, aliyekuwa anapalilia migomba kabla hajaona uji, atashindwa kusubiri chai?

Basi uchovu ukaja, Mama, na sijui nikuelezeje. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nakaa ukingoni mwa kitanda natazama kandambili zangu, naona ziko mbali. Joto la mwezi wa pili la Dar unalijua, na mie nimevaa sweta. Mauwa, yule mwenzangu wa kushona makava ya sofa, ananitazama huku jasho linamtoka. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Uso ukavimba, na nyie mlioiona picha ya kipaimara mkasema nimenenepa, Dar imenikubali. Imenikubali wapi! Nilikata kitambaa cha mteja, mikono miwili ya sofa, yote ya kushoto.

Siku moja Bwana Nasser, mwenye duka la mapazia, alikuja na gari kuchukua sofa lake akanikuta nimelilalia, juu ya nailoni yake, mdomo wazi. Muungwana yule, alisema angerudi kesho, akaondoka kwa kunyata. Mafundi seremala walicheka mpaka jioni, wakasema sasa sofa limefanyiwa majaribio. Mauwa hakucheka. Aliniambia kwa upole kwamba ana mpwa wake anajua cherehani, labda anishikie nafasi kwa muda. Nilielewa ni muda gani huo. Nikaenda chooni nikalia, halafu nikasinzia humohumo.

Kliniki nayo, kila nikienda, damu inasema dawa haijafika. Wakaongeza dozi. Wakaongeza tena. Daktari wetu, Dokta Tusajigwe, mama wa Kinyakyusa asiyependa maneno mengi, aliniuliza kama kweli navimeza. Nikaapa, na nilikuwa nasema kweli. Akauliza habari za maziwa, za uji, za vidonge vya kuongeza damu. Vyote nikasema hapana, sigusi kitu. Akaandika dozi nyingine, nami nikarudi nyumbani kuwasikia majirani wakinong'ona kwamba nimechezewa.

Siku ya Pasaka ulipopiga nilikuwa sijaenda hata kanisani. Nilikuwa bafuni, nimekalia ndoo, nimeshindwa kunyanyuka. Ndipo nikakuambia usikubali, Mama, kaa na goita lako, mie wamenitoa kitu ambacho hakirudi. Ukasema umesikia. Wiki ileile kaka Nikodemu akaniambia umekwenda Bukoba mwenyewe kumwambia daktari kwamba hukatwi.

Sasa kaa vizuri.

Zile kahawa za kutafuna unazonituma kwa basi, umezifunga kwa majani ya mgomba, nilizipokea zote. Unanijua, tangu usichana sijawahi kuianza siku bila kutafuna. Hospitali walikataza chakula na chai, basi nikaona hii saa ya kusubiri nitaipitisha na kahawa za mama. Nameza kidonge, nakunywa maji, naweka punje shavuni, naanza kutafuna taratibu, nanusa jiko lako na yale majani unayochemshia. Ndiyo raha pekee niliyokuwa nayo asubuhi. Kwetu nani aliwahi kusema kutafuna kahawa ni kula? Mgeni akifika unampa kahawa kwanza, halafu ndipo unamuuliza kama amekula!

Mwezi wa sita nilikwenda kliniki nikiwa na kifurushi chako kwenye pochi. Nilipoingia kwa Dokta Tusajigwe nikamkaribisha kahawa kwa mikono miwili, kama ulivyonifunza. Akaipokea, akaigeuza, akaniuliza huwa ninatafuna saa ngapi. Nikamwambia asubuhi, nikishameza tu kidonge, ili kusubiri kusiwe kurefu. Mama, yule daktari aliweka kalamu chini akashika kichwa. Alicheka kidogo, halafu hakucheka tena. Akanieleza kwamba kahawa, ya kunywa au ya kutafuna, inakizuia kidonge kisiingie mwilini sawasawa. Miezi yote ile nilikuwa nameza dawa kwa mkono mmoja na kuizuia kwa mwingine.

Nikazihamishia kahawa mchana. Dozi alinipunguzia palepale, lakini ilikuwa imepanda sana, na mwili uliozoea njaa ukakuta karamu. Moyo ukawa unadunda, mikono inatetemeka, uzi hauingii kwenye sindano. Nilifagia uwanja wetu, nikafagia wa jirani, nikagombana na Mauwa kwa ajili ya zipu. Wakapunguza tena. Sasa nimetulia. Sitakudanganya kwamba nimerudi yule wa zamani. Jioni nachoka, na kuna siku mwili unakataa bila kutoa sababu. Ila nikilala naamka nimepumzika, sweta nimeligawa, na habari za mpwa wa Mauwa sijazisikia tena.

Lakini Mama, hayo nimeyajua tangu mwezi wa sita, na huu ni wa tisa. Umepiga simu mara ngapi ukiuliza kama kahawa zimefika? Nikajibu zimefika, asante, natafuna. Ya dokta nikayameza. Niliogopa. Nakujua, ungesema umemtilia mwanao sumu kwa mkono wako, na usingechemsha kahawa tena mpaka unakwenda kaburini. Nikaona afadhali ukilaumu kisu cha madaktari. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kwamba nakustiri.

Halafu juzi Nikodemu akanitumia picha ya ubatizo. Umejitanda mtandio shingoni jua linawaka, na kichwa umekilaza upande. Nikampigia. Akasema siku hizi unalala umekaa, ukilala chali pumzi inakata, na umemkataza asiniambie kwa sababu mie ni mgonjwa. Mama! Wewe unanificha ili nisiumie, mie nakuficha ili usiumie, na goita linakua katikati yetu. Nilikaa kwenye benchi la kazi nikalia mbele ya mafundi wote, na safari hii hakucheka mtu.

Basi nalirudisha neno langu la Pasaka. Lilisemwa na mtu ambaye dawa ilikuwa haijamfikia. Kisu hakikunichosha, na wewe hukunitilia kitu kibaya, ulinitumia nyumbani. Mwenye mdomo uliotafuna ni mimi. Nisamehe. Na uliniuliza mara moja, simu ikakatika, au nilijifanya imekatika, kama ningejua yote haya ningekubali tena kukatwa. Ningekubali, Mama. Ningekubali kesho asubuhi.

Nimeshaomba ruhusa kwa Mauwa, na Adelard amekata tiketi. Harusi ya kina Ansbert ikiisha tu, utaniona mlangoni. Tutakwenda wote kwa daktari wako, na kama atakasirika kwamba ulimkatalia, mie ndiye nitakayesimama mbele. Kwa sasa usilale chali, na usibebe mkungu wa ndizi ukasema ni mdogo. Kahawa usiache kuchemsha, nakuomba sana.

Niamkie shangazi, mwambie kitambaa chake nimekishona na mikono yake ni ya pande zote mbili. Nikodemu mpe asante yangu kwa kuvunja katazo lako. Majirani waliokuwa wakinipa pole wote wape salamu, lakini barua usiwasomee.

Watakupa kidonge, Mama, na watakuambia usubiri saa nzima. Asubuhi yako ya kwanza nitakuwepo jikoni kwako. Kikapu cha kahawa tutakipandisha juu ya kabati, tukae wawili tukitazamana, midomo mitupu, hakuna wa kumtega mwenzake. Saa ikipita utakishusha, utanikaribisha kwa mikono miwili, nami nitapokea.

Akulinde Mungu usiku, ukilala umekaa, mpaka nifike.

Mwanao akupendaye,
Felicitas