Mlango wa Mashine ya Leza

Kitengela,
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Natumaini mguu umepata nafuu na sasa unafika kanisani bila kushikwa mkono. Huku naendelea, ila vumbi la Kitengela limenikataza kuanika nguo nyeupe.

Kwenye simu uliniuliza kama bado nachomelea mageti. Mama, waambie wenzako wa kanisa kwamba sijawahi kuchomelea geti hata moja! Karakana yetu hutengeneza vyuma vya kuungia mifupa iliyovunjika, vingine vyembamba kama ukucha. Tunavikata kwa leza, mwanga ambao jicho haliuoni. Unaona cheche tu, na chuma kimeshakatika. Mashine imefunikwa pande zote, na mlango wake ukifunguliwa mwanga hujizima. Usalama wetu wote uko hapo.

Septemba kazi ilizidi. Mwihaki, mwenye karakana, alisema tunapoteza muda kwa sababu mashine inajizima kila tukigusa mlango. Akamwambia mwenzangu Lemein aifunge swichi ya mlango kwa waya, ili mwanga usijizime mlango ukifunguliwa. Lemein ni kijana wa Bisil, mpole sana. Alikataa. Mara ya pili akaulizwa kama anataka kazi au hataki, akafunga. Mimi nilikuwa nimetoka kunywa chai. Niliporudi, yeye alikuwa ameitwa stoo, na hakuna aliyeniambia. Niliona chuma kimekaa vibaya, nikafungua mlango kama siku zote, nikainama kukitazama.

Mama, kuna jambo nimekuficha. Krismasi uliponipa sindano nikutilie uzi, nikasema nimechoka, sikuwa nimechoka. Jicho langu la kushoto halioni katikati. Nikikutazama kwa hilo peke yake, naona kitambaa chako na mabega, uso siuoni. Sikusikia uchungu siku ile mwanga uliponiingia. Lilikuja doa tu, nikadhani litaondoka. Daktari amesema halitaondoka, lakini la kulia ni zima kabisa.

Niliporudi kazini nilichukua koleo nikautoa ule waya mwenyewe. Baadaye Mwihaki aliniita, akanibembeleza nimwambie afisa wa kazi wa serikali, anayechunguza ajali, kwamba nilifungua mlango kwa uzembe wangu, naye atanipa kazi ya ofisini. Nilimwambia siwezi, maana kuna wasichana wapya wanaojifunza mashine hiyohiyo.

Lemein naye alikuja kwangu. Kabla hata ya kugusa chai akasema, “Nasike, nitasema ni mimi nilifunga, na nitasema ni nani aliniambia. Wakinifukuza, nitarudi kwa ng’ombe wa baba.” Nilikuwa na hasira naye miezi yote hiyo. Siku hiyo ikaniisha.

Jumanne tunaenda sote wawili Kajiado mbele ya afisa wa kazi. Sijui itakuwaje. Pengine sote tutakosa kazi. Nitaulizwa jicho linaonaje, na nitawaeleza watu nisiowajua kabisa. Nikaona haifai wasikie kabla yako.

Usilie sana, na usiniambie nirudi nyumbani. Kazi hii naipenda. Niombee tu Jumanne asubuhi, halafu unipigie jioni, hata kama utakuwa umenikasirikia.

Msalimie kaka Makokha na watoto wake, na jirani anayekuletea maziwa.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Nasike